Sabuni ya Sikukuu

Sikukuu ni siku mbaya kuliko zote kwenye wodi ya watoto wachanga mahututi, na mtu asinibishie. Siku nyingine ndugu wanajazana mlangoni na vikapu vyao, wanauliza maswali yale yale mpaka wauguzi wanatamani kujificha chooni. Ikifika sikukuu, kila mtu ana kwake. Simu zinapigwa asubuhi, "Tupo pamoja, tunawaombea," halafu unasikia muziki nyuma na mtu anaitwa mezani. Mzazi anabaki na mtoto wake wa kilo moja, yeye na benchi la mbao la kule nje kwenye korido.

Ndiyo maana mimi siku hiyo sikosi. Mwanangu wa mwisho alilazwa wodi ile ile miaka ishirini na sita iliyopita, wiki saba nzima, na sikukuu ikatukuta humo. Hakuja mtu. Nilikaa kwenye benchi lile nikatafuna mkate mkavu, nikaapa kwamba nikitoka na mtoto mzima, hakuna mwanamke atakayekaa pale peke yake siku ya sikukuu maadamu nina miguu. Mtoto akatoka mzima. Sasa ni njemba, anainama kupita mlangoni, na ukimwona anavyokula utadhani analipwa.

Wodini wananiita Mama Vitambaa. Mimi ni mshonaji, na kazi yangu pale, ambayo hailipwi na sitaki ilipwe, ni kushona vitambaa laini vya pamba, ukubwa wa kiganja. Kila mtoto ana vyake viwili vyenye uzi wa rangi yake. Kimoja mama anakiweka kifuani, ndani ya nguo, kutwa nzima. Kingine kinakaa karibu na pua ya mtoto, ndani ya kile kisanduku cha kioo kinachompa joto. Asubuhi na jioni wanabadilishana. Mtoto njiti haoni mbali, lakini harufu ya mama yake anaijua tangu tumboni. Nimeona kwa macho yangu mtoto anahangaika, amekunja uso kama mzee aliyedhulumiwa shamba, ukimwekea kitambaa cha mama yake anatulia tuli. Daktari mkubwa mwaka wa kwanza alinicheka. Mwaka wa pili akaniagiza nishone vingine hamsini.

Sheria ya vitambaa ni moja tu, nimeitunga mimi mwenyewe na ndiyo ninayowaimbia akina mama kila siku ya Mungu: kikishakaa kifuani, kisiguse sabuni mpaka mtoto amalize kukitumia. Ishikeni hiyo sheria, maana ndiyo iliyoniumbua.

Mwaka jana tulikuwa na mtoto tuliyempa jina la Bosi. Wazazi wake walikuwa hawajampa jina, na tulijua kwa nini, hatukuuliza. Alikuwa na kilo moja na gramu mia moja, na akikunja ngumi tu, wauguzi watatu wanasimama. Bosi alikuwa ametolewa kwenye mashine ya kupumulia siku tatu kabla ya sikukuu. Alibaki na mirija miwili myembamba ya oksijeni puani, basi. Daktari alisema akitulia hivyo hivyo mpaka sikukuu ipite, tumevuka. Akianza kushuka, itabidi arudishwe kwenye mashine, na safari ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza.

Baba yake alikuwa kinyozi, kijana mcheshi asiyejua kukaa kimya akiwa na hofu. Mama yake alikuwa mwalimu wa chekechea. Fikiria, mwanamke anayefundisha watoto arobaini kufunga viatu na kupenga kamasi, lakini tangu nimfahamu, mlango wa wodi hakuvuka. Alikuja kila siku. Alikaa kwenye benchi, akakamua maziwa kwenye chumba cha pembeni, akatoa kitambaa chake kifuani, akampa mumewe aingize. Yeye, ng'o! Siku kumi na nane. Nilimbembeleza, nikampigia porojo, nikamtisha kidogo pia, sisemi uongo. Kila siku jibu lilikuwa moja: "Kesho, mama."

Nilimhukumu. Moyoni nilisema huyu ana moyo mgumu. Leo naona haya hata kuandika.

Basi mchana wa mkesha wa sikukuu, kinyozi alikuja mbio kutoka kazini, nywele za watu zimemjaa kwenye kola, akaacha maziwa na kitambaa cha mkewe kwenye kikapu, akageuka. Watu wote mjini walitaka kunyolewa siku ile. Nikabaki peke yangu na kile kikapu. Nikavitazama vitambaa. Vingine vimekuwa vya njano kwa maziwa, vingine vina madoa. Kiherehere kikanipanda. Nikasema, jamani, sikukuu gani hii, watoto wa watu waikaribishe na matambara? Nikakusanya vyote, vya kikapuni na vya ndani ya visanduku, sikubakiza hata kimoja. Nilijiambia mama zao wanaingia, wanawabeba, kitambaa kikikosa harufu siku moja si neno. Kwamba yupo mtoto mmoja ambaye mama yake hakuwa na njia nyingine ya kumfikia ila kile kitambaa, hilo halikunipitia kichwani.

Nikavifua kwa sabuni ya maua. Nikavipiga pasi, nikavifunga kwa utepe mwekundu. Mwanangu akanitazama, mdomo umejaa. "Mama, si wewe unayesema visifuliwe?"

"Wewe kula," nikamjibu. "Ya wodi niachie mimi."

Mtoto wa kuzaa mwenyewe alinionya, nikamfunga mdomo.

Asubuhi ya sikukuu nilifika na chai ya chupa, mikate, na vitambaa vyangu vyeupe. Muuguzi wa zamu alikuwa yule tunayemwita Kamanda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ila mikono yake juu ya mtoto ni laini sana. Alikuwa na muuguzi mwenzake mmoja tu, wengine likizo. Akaniambia ripoti ya zamu iliyopita inasema Bosi alihangaika kidogo. Sikushtuka. Nikagawa vitambaa, kila mtoto na uzi wake, nikajiona mtu wa maana kweli.

Ilipogonga saa nne, Bosi akaanza vituko. Pale juu ya kisanduku kuna kioo kinachoonyesha namba ya oksijeni mwilini. Ikiwa tisini na tano, kila mtu anapumua. Ikashuka tisini. Ikashuka themanini na tatu, na mashine ikaanza kulia. Kamanda akamweka sawa kichwa, akamsafisha pua, akamsugua mgongo kwa kidole. Ikapanda. Dakika tano nyingi, ikashuka tena. Bosi anajinyonga, anakunja uso, anageuza kichwa huku na huku kama anatafuta kitu.

Daktari mdogo wa zamu akaja, shati la sikukuu linachungulia chini ya koti. Akaongeza oksijeni, akasikiliza kifua. Ikapanda, ikashuka. Mara ya nne alipoinua kichwa hakuwa na tabasamu. "Nampa saa moja," akasema. "Akiendelea hivi atachoka. Namrudisha kwenye mashine."

Kinyozi alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Yule kijana wa maneno mengi hakusema hata moja. Midomo tu ilikuwa inamcheza.

Kamanda akafungua kidirisha cha kisanduku aweke mto vizuri. Akasita. Akashusha barakoa yake kidogo, akanusa. "Nani ameweka marashi humu ndani?"

Nilitazama kile kitambaa cheupe, kimenyooka kama bahasha, kimekaa mbele ya pua ya mtoto. Hapo ndipo nikaelewa yule mtoto alikuwa anatafuta nini tangu jana jioni. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini mficha uchi hazai.

"Ni mimi," nikasema. "Nimevifua. Vyote. Kwa sabuni ya maua."

Kamanda alinigeukia. Nilitamani anitukane, afadhali. Akasema tu, polepole, "Mama Vitambaa. Wewe?"

Daktari akakitoa kile kitambaa, akakitupa kwenye ndoo. "Inawezekana ni hicho, inawezekana sicho," akasema. "Siwezi kuapa. Leteni kingine cha mama yake."

"Hakuna kingine," nikasema. "Jana sikumrudishia mama yake hata kimoja cha kuweka kifuani. Nilimtumia salamu apumzike nyumbani jioni ile."

"Basi leteni mama mwenyewe."

Kinyozi akanitazama, na mimi nikamtazama. Akasema, "Mama, mimi nimeshindwa siku kumi na nane." Nikatoka.

Alikuwa kwenye benchi, amevaa gauni la nyumbani, simu pajani inawaka na kuzima kwa salamu za sikukuu asizozisoma. Korido nzima alikuwa yeye peke yake. Nikakaa. Kwa mara ya kwanza sikuwa na porojo.

"Mwanangu, nimekukosea," nikamwambia. "Nimekifua kitambaa chako. Bosi hana harufu yako tangu jana, na namba zake zinashuka. Daktari anataka kumrudisha kwenye mashine. Anakuita wewe."

Akashika ukingo wa benchi. "Siwezi, mama."

Nikafungua mdomo niseme yale ya kila siku, ingia, jikaze, mtoto ni wako. Nikaufunga. Nikauliza kitu ambacho sote, na ujanja wetu wote, hatukuwahi kumuuliza. "Kwa nini?"

Akaanza kusema huku anatazama mlango. "Siku ya pili niliingia. Nikamgusa mguu kwa kidole, hiki hapa. Mashine ikalia. Wote wakaja mbio, wakanisukuma pembeni. Jioni yake nikaambiwa amewekwa kwenye mashine ya kupumulia." Akakikunja kile kidole ndani ya ngumi. "Alikuwa anapumua mwenyewe, mama. Nimemgusa mimi. Nikaapa sitamgusa tena mpaka awe mzima. Kitambaa kinatosha, nilisema. Kitambaa hakimdhuru."

Loo! Nilisikia uchungu, na hasira pia, hasira ya kujizaba makofi mwenyewe. Siku kumi na nane mwanamke huyu amekaa hatua kumi na mbili kutoka kwa mwanawe, anamlinda dhidi ya mkono wake mwenyewe, na mimi nampitia na chai na mahubiri.

"Sikiliza," nikamwambia. "Zile mashine zinalia kwa kila kitu. Wangu mimi alikuwa akipiga chafya, inalia. Akijamba, inalia. Siwezi kukuahidi kwamba leo haitalia. Italia! Lakini sasa hivi anakutafuta, na mimi nimemnyang'anya alama yako ya pekee."

"Na ikilia?"

"Ikilia nitakuwa nimesimama hapo hapo. Wewe usimwachie."

Alitazama mlango muda mrefu, mpaka nikadhani nimeshindwa. Halafu akainuka. Kwenye sinki alinawa mikono mpaka viwikoni, anahesabu kwa midomo, moja mpaka ishirini, kama anavyowafundisha watoto wake wa chekechea. Alipofika ishirini akaanza upya. Mara ya tatu nikafunga bomba mimi.

Kamanda alikuwa ameshaweka kiti. Hakumkaripia, hakumuuliza alikuwa wapi. Alimfungua vifungo vya gauni, akamwambia aegemee. Halafu akamtoa Bosi kwa mikono miwili, waya na mirija yote ikifuata, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika na kanga moja. Mtoto mzima hakufika hata kuziba kifua. Mama yake alikuwa ameinua mikono hewani, haijui iende wapi. Kamanda akaishika, akaiweka mgongoni kwa mtoto, mmoja juu, mmoja chini.

Themanini na nne, namba ikasema. Themanini na sita. Themanini na tano.

Kinyozi alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa naitazama namba ile nikiisihi kama mtu. Themanini na tano. Ikang'ang'ania hapo mpaka nikaanza kuichukia. Bosi alikuwa anajikunja, halafu akageuza uso, pua ikazama pale kwenye ngozi. Akashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyefika nyumbani na mizigo. Themanini na tisa. Tisini na moja. Baada ya dakika kumi ilikuwa tisini na nne, na uso wake umekunjuka.

"Ni harufu?" kinyozi akanong'ona.

"Harufu, joto, moyo anaousikia, sijui," daktari akasema, huku anapunguza oksijeni kidogo kidogo. "Chochote kile, mama asitoke hapo."

Saa ile aliyoitoa daktari ikapita, mashine ya kupumulia ikabaki kwenye kona yake na shuka juu. Tukaanza kupumua. Kinyozi akapata maneno yake tena. Akamwambia mkewe kwamba mtoto ana kisogo kizuri, kinyozi atakayempata atashukuru. Nikamimina chai. Kamanda akakubali kikombe, akanitazama juu ya ukingo wake. "Na wewe, sabuni yako ya maua nenda kafulie mapazia." Nikajua nimesamehewa.

Ndipo mashine ikalia.

Ikalia kwa ile sauti ya juu kabisa, namba nyekundu, hamsini na nane. Kinyozi akadondosha kikombe. Mama akakakamaa mwili mzima, na nikaiona mikono yake ikinyanyuka kutoka mgongoni kwa mtoto, vidole vimetanuka, kama mtu aliyegusa sufuria la moto. Nilimwahidi ningesimama hapo, na nilikuwa nimesimama, lakini sauti haikunitoka.

Mikono ikakaa hewani, sijui muda gani. Halafu akairudisha. Mmoja juu, mmoja chini. Akamkumbatia, akainamisha kidevu juu ya kile kichwa kidogo, machozi yanamtiririka, na akasema kwa sauti yake ya kufundishia, thabiti kabisa, "Mama yupo. Mama haendi popote."

Mashine inaendelea kulia, yeye hakumwachia.

Kamanda alikuja bila kukimbia. Akafunua kanga upande wa miguu, akacheka. "Tazameni huyu! Amepiga teke waya wangu." Ile klipu ya mguuni, inayosoma namba, ilikuwa inaning'inia. Akairudisha. Tisini na tano. Bosi hakuwa amefungua hata jicho.

"Ndiyo hiyo tu?" mama akauliza. "Waya?"

"Mara nyingi ndiyo hiyo tu."

Akauliza swali lililokuwa limemkaa rohoni siku kumi na nane. "Na siku ile nilipomgusa?"

Kamanda hakumjibu kwa maneno matamu. Akaenda kwenye kabati, akaleta faili, akapekua mpaka siku ya pili. Akamwita daktari wakasoma pamoja. Daktari akachuchumaa mbele ya kile kiti. "Mama, wewe siku hiyo uliingia saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Hapa imeandikwa mtoto anachoka kupumua, aandaliwe mashine." Akamwonyesha kwa kidole. "Imeandikwa saa tatu asubuhi. Saa tatu. Wewe ulikuwa hujafika."

Alisoma mwenyewe. Akasoma tena. Mwalimu ni mwalimu, hakubali kusomewa. Halafu alilia kilio ambacho sijasikia mtu akilia, cha chini chini, kirefu, huku anacheka katikati, na mtoto anapanda na kushuka kifuani mwake kama yumo kwenye bembea. Kinyozi akapiga magoti, akawakumbatia wote wawili, waya na yote. Na mimi nikalia, nani angejizuia? Hata daktari alijifanya anatafuta kalamu.

Saa kumi jioni bado alikuwa pale pale. Kamanda akamwambia, "Mwalimu, inuka basi uende hata chooni, baba yake amshike."

"Nimekaa nje siku kumi na nane," akasema. "Choo kitasubiri."

Tulicheka mpaka mtoto wa kisanduku cha pili akaamka. Mwishowe kinyozi alivua shati, akakung'utwa nywele za wateja wa jana na Kamanda kama zulia, akapokea zamu yake. Mama alisimama hapo hapo akiwatazama, anabana miguu, mpaka nikamsukuma mlangoni.

Nilipotoka kuchukua kikapu changu, benchi lilikuwa tupu. Nikakaa kidogo, miguu inaniuma, moyo mwepesi. Mwanangu akaja kunichukua, amebeba sahani yangu imefunikwa, na kwa jinsi nilivyomzaa nilijua keshaipunguza njiani.

"Vitambaa vilipendeza?" akauliza.

"Keti hapa," nikamwambia. Akaketi, benchi likalia chini ya uzito wake. Nikamvuta kichwa, nikamnusa utosini kama nilivyokuwa nikimnusa zamani. "Mama, watu wanaona," akasema, lakini hakujitoa. Nikamshikilia hivyo hivyo.